Gulangyu: sanamu si ya Zheng He, na kisiwa hakikuwa koloni la Mwingereza

*"Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Tanga, nasoma shahada ya uzamili mjini Xiamen, kusini-mashariki mwa China. Ng'ambo ya mji kuna kisiwa kidogo kinaitwa Gulangyu. Kimejaa majumba ya zamani yenye baraza na nguzo, na magari hayaruhusiwi. Nilipofika mara ya kwanza niliona sanamu kubwa mno ya jemadari juu ya mwamba ufukweni, nikaambiwa ni Zheng, amiri wa majeshi ya baharini. Nikawaeleza wenzangu kwa furaha kwamba huyo ndiye aliyefika Malindi, China ikapata twiga. Mmoja akacheka, akasema nimekosea, lakini hakufafanua. Mwingine akaniambia kisiwa kilikuwa koloni la Uingereza kama Hong Kong, na kwamba majumba yote yalijengwa na Wazungu. Nataka kukiandikia kazi ya kozi. Tena mama yangu anakuja kunitembelea na ningependa kumpeleka, ila magoti yanamsumbua. Ukweli ni upi? Kwa nini mji mzima ulimea kwenye kisiwa kidogo namna ile? Na mama nimpeleke?"*

Marahaba, binti yangu. Maswali yako yanaonekana mengi lakini shina lake ni moja: unaona mji usiofanana na ulivyofundishwa kuhusu China, na kila unayemuuliza anakupa kipande tu. Nitaanza na sanamu. Najua kuchekwa mbele za watu kunauma, na tena kosa lako lina njia ya kutufikisha kwenye swali kubwa zaidi, la kwa nini mji ulimea pale.

Kuna akina Zheng wawili. Aliyeongoza misafara iliyofika pwani yetu ni Zheng He. Alizaliwa mwaka 1371 Yunnan, bara kabisa, katika familia ya Kiislamu ya ukoo wa Ma. Jina la Zheng alitunukiwa na mfalme kwa utumishi wake. Kati ya mwaka 1405 na 1433 aliongoza safari saba, na katika zile za baadaye meli za misafara yake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga wa Malindi alifika mbele ya mfalme wa China, wa utawala wa Ming, mwaka 1415. Hayo uliyowaambia wenzako kuhusu Malindi yana msingi. Ulichokosea ni uso wa kwenye mwamba.

Uso ule ni wa Zheng Chenggong, ambaye vitabu vya Kizungu humwita Koxinga. Alizaliwa mwaka 1624 Hirado, Japani, kwa mama Mjapani na baba Mchina wa Fujian, jimbo lenye mji wa Xiamen, aliyekuwa mfanyabiashara na haramia wa baharini. Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, walipoiteka Beijing mwaka 1644 na kusimamisha utawala wa Qing, yeye alikataa kusujudu. Akafanya Xiamen na visiwa vya Kinmen kuwa ngome yake, akafundisha wanamaji wake hapo, Gulangyu ikiwemo; ukipanda mwamba wa Riguangyan utaonyeshwa mabaki yanayotajwa kuwa ya kambi yake. Mwaka 1661 alivuka kwenda Taiwan, akaizingira ngome ya Waholanzi ya Zeelandia kwa miezi mingi, nao wakasalimu amri Februari 1662. Akafa mwaka huohuo. Sanamu yenyewe ni ya juzi tu, imesimamishwa mwaka 1985, kimo chake mita 15.7. Kati ya safari ya mwisho ya Zheng He na Chenggong kuvuka kwenda Taiwan kuna zaidi ya miaka 200, wala hawakuwa na undugu. Mwenzako alicheka kwa sababu kwa mtoto wa Fujian jina la Chenggong linajulikana tangu darasa la kwanza. Usilichukulie moyoni.

Ila usikubali pia kwamba eneo hilo halina habari na sisi. Misafara ya Zheng He ilitia nanga Changle, karibu na Fuzhou, kilomita 200 hivi kaskazini-mashariki ya hapo ulipo, na mwaka 1431 wakaacha pale jiwe lililochongwa maandishi ya safari zao. Walikaa Changle wakingoja upepo, na upepo huo wewe mtoto wa Tanga unaujua: ni kaskazi. Majira ya baridi yakiingia, bara la Asia linapoa kuliko bahari, hewa yake inakuwa nzito na inateremka kuelekea baharini. Katika Bahari ya Arabu inakuja kama kaskazi ya kwetu, iliyoleta majahazi kutoka Maskati na Kachi. Katika Bahari ya Kusini ya China inavuma kwa kanuni hiyohiyo na majira yaleyale, lakini huko ni upepo wa kuondokea: unalisukuma jahazi kutoka Fujian hadi Manila, Malaka na Java. Kiangazi mambo yanageuka, upepo wa kusini-magharibi unawarudisha. Kwa hiyo msafiri wa Fujian alilazimika kukaa ugenini miezi kadhaa kila safari. Akakodi chumba, akafungua duka, wengine wakaoa. Shika jambo hili vizuri, kwa sababu majumba unayoyashangaa yamejengwa na watoto na wajukuu wa watu hao.

Sasa jiografia. Bandari za pwani ya Fujian hazikukaa mahali pamoja. Ya kwanza kuvuma ilikuwa Quanzhou, ambayo Waarabu waliiita Zaytun. Ibn Battuta, aliyetua Kilwa mwaka 1331, anaisimulia katika safari yake ya miaka ya 1340. Quanzhou ilipofifia, nafasi ilichukuliwa na Yuegang, bandari ya Zhangzhou karibu na mlango wa mto Jiulong, hasa baada ya mwaka 1567 wakati utawala wa Ming ulipolegeza marufuku ya biashara ya baharini na madini ya fedha kutoka Manila yakaanza kumiminika. Lakini Yuegang ilikuwa mtoni. Mto unabeba tope, tope linajaza kina, na meli kubwa haziwezi kuingia. Biashara ikateremka hadi mdomo wa ghuba, kwenye kisiwa cha Xiamen, ambako maji ni marefu.

Gulangyu iko ubavuni mwa Xiamen, upande wa kusini-magharibi, na kati yao kuna mlango wa bahari wa mita 600 hivi unaoitwa Lujiang. Tazama ramani ukifikiria kama nahodha. Kaskazi inapopiga kwa nguvu, kisiwa kikubwa cha Xiamen kinaikinga. Maji kupwa na kujaa hupishana karibu mita 4 kwa wastani, kama unavyozoea kwetu wakati wa bamvua, na mkondo huo unaopita kwenye uwazi mwembamba unasaidia kuzuia tope lisitulie. Meli ilipata mahali pa kutia nanga penye kina na utulivu, ikitazamana na maghala ya mji.

Kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 1.88 tu. Ni vilima vya granaiti, mawe makubwa ya mviringo yaliyochongwa na hali ya hewa kwa muda mrefu, na kilele chake cha Riguangyan kina mita 92.7. Kiko kaskazini kidogo ya Tropiki ya Kansa, ndiyo maana unaona mibuyu haipo lakini miembe na mivinje ipo. Mashamba ya maana hakuna, mto hakuna, maji ya kunywa yalikuwa ya visima na hayakutosha. Katika miaka ya 1930 maji yakawa yanavushwa kwa boti kutoka Xiamen na kupandishwa kwenye matangi. Mji huo haukuishi kwa ardhi yake hata siku moja. Uliishi kwa kuwa jirani wa bandari huku umetengwa nayo na maji. Xiamen ya karne ya 19 ilikuwa na vichochoro vilivyosongamana na maradhi ya kuambukiza. Aliyekuwa na uwezo alifanya biashara Xiamen mchana, jioni akavuka kwa mashua kwenda kulala Gulangyu.

Hapo ndipo linapoingia suala la koloni, na ningependa utulie nalo, maana ndilo litakalobeba kazi yako ya kozi.

Waingereza walifika kwa mizinga. Agosti 1841, katika Vita vya Afyuni, waliishambulia Xiamen na kuacha kikosi Gulangyu hadi mwaka 1845. Askari wengi walikufa kwa homa. Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842 ulifanya mambo mawili tofauti ambayo mwenzako ameyachanganya. Hong Kong ilikatwa na kupewa Uingereza. Xiamen haikukatwa, ilifunguliwa kwa biashara ya wageni pamoja na Guangzhou, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Wageni walipata haki ya kuishi na kufungua ubalozi mdogo, na mwaka 1843 wakaongezewa haki ya kuhukumiwa na mabalozi wao badala ya mahakimu wa China. Kwetu Unguja mambo yalifanana kwa kiasi: mwaka huohuo wa 1841 Hamerton alikuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza mbele ya Sayyid Said, nchi ikiwa bado ya Sultani lakini raia wa kigeni wakiwa chini ya mabalozi wao. Ukiielewa Unguja ya kabla ya 1890, umeshaielewa nusu ya Gulangyu.

Nusu ya pili ilikuja baadaye, na iliyoisukuma ni Japani. Mwaka 1895 China ilishindwa vitani na kuikabidhi Taiwan kwa Wajapani. Ghafla Xiamen ikawa inatazamana na dola mpya yenye njaa ya ardhi. Agosti 1900 hekalu moja la Wajapani mjini Xiamen liliungua, na Japani ikashusha askari wake kwa kisingizio hicho, kisha ikarudi nyuma baada ya mataifa mengine kupinga. Maofisa wa Qing wa Fujian wakapiga hesabu, na balozi mdogo wa Marekani akawaunga mkono: afadhali Gulangyu iwe ya mataifa mengi kwa pamoja, wachungane wenyewe kwa wenyewe, kuliko kumezwa na mmoja. Makubaliano yakatiwa saini Januari 1902, na mwaka 1903 Baraza la Manispaa likaanza kazi. Katika China nzima palikuwa na makazi ya kimataifa ya aina hiyo mawili tu, Shanghai na hapo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba Gulangyu haikuwa koloni la Uingereza. Ardhi ilibaki ya China na kodi ya ardhi ililipwa kwa serikali ya China. Kulikuwa na mahakama ya mchanganyiko yenye hakimu Mchina. Lakini usije ukaandika pia kwamba palikuwa pahali pa usawa, kama baadhi ya vitabu vya watalii vinavyopenda kusema. Barazani wageni walikuwa wengi na Mchina alikuwa na kiti kimoja mwanzoni, wakati wakazi walio wengi sana walikuwa Wachina. Viti vikaongezwa miaka ya 1920 baada ya kelele nyingi. Askari polisi waliletwa Masingasinga kutoka India ya Waingereza. Sheria ya kutupa taka na kufuga mbwa iliandikwa na watu ambao mwenye nyumba ya jirani hakuwachagua. Mimi nadhani neno la haki ni hili: ilikuwa ngao, na aliyeishika ngao alijilipa mwenyewe.

Sasa nani alijenga? Wazungu walitangulia, hilo ni kweli: nyumba za mabalozi, za makampuni ya chai na meli, za wamisionari, za Wadenmaki wa kampuni ya telegrafu ya Great Northern walioleta waya wa chini ya bahari katika miaka ya 1870. Zile nyumba za baraza pana kuzunguka pande zote, zilizobuniwa kwa ajili ya joto la India na Malaya, ni za kipindi hicho. Lakini majengo mengi yanayokufanya usimame kupiga picha ni ya miaka ya 1920 na 1930, na wenyewe walikuwa Wachina waliorudi kutoka ng'ambo.

Kuondoka kwao hakukuwa kwa heri siku zote. Mwaka 1847 meli ya vibarua wa mkataba iliondoka Xiamen kwenda Kuba, na biashara hiyo ya binadamu ilijaa hila na utekaji kiasi kwamba mwaka 1852 watu wa Xiamen walifanya ghasia dhidi ya mawakala wake. Wengine wengi walikwenda kwa njia ya jamaa, kwenye maduka na mashamba ya Ufilipino, Malaya na Java, wakifuata upepo ule niliokueleza, baadaye kwa meli za moshi. Wakatuma pesa nyumbani. Waliofanikiwa walitaka kurudi, lakini vijijini kwao kulikuwa na majambazi, ukata na, baada ya dola ya Qing kuanguka mwaka 1912, wababe wa kivita. Gulangyu ikawa jawabu: ni nyumbani, lugha ni ya mama, lakini mbabe wa kivita hawezi kuvuka na kukunyang'anya kwa sababu pana bendera za mataifa mengi.

Mtazame Huang Yizhu. Alizaliwa mwaka 1868 Nan'an, karibu na Quanzhou, katika familia maskini, akaenda Java akiwa kijana, akatajirika kwa sukari huko Semarang. Mwaka 1919 alirudi na mali yake, akakaa Gulangyu. Mwaka 1921 aliasisi benki ya Zhongnan mjini Shanghai, na huku nyumbani akaweka mtaji kwenye maji ya bomba na simu za Xiamen. Bustani na majumba yake bado yapo. Au mtazame Lin Erjia, wa ukoo tajiri wa Banqiao, Taiwan. Wajapani walipoichukua Taiwan mwaka 1895 familia yake ilihama, na mwaka 1913 akajenga kando ya bahari bustani ya Shuzhuang akikumbuka bustani ya kwao. Ukiingia pale utaona jinsi alivyoiingiza bahari yenyewe ndani ya bustani kwa madaraja yanayopinda juu ya maji. Mimi ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote kisiwani, kwa sababu ni kazi ya mkimbizi mwenye pesa aliyekataa kusahau.

Watu hawa hawakuiga tu. Walichukua nguzo za Kirumi, matofali mekundu ya Fujian kusini, nakshi za Kusini-Mashariki mwa Asia na mistari ya kisasa ya miaka ya 1920, wakazichanganya. Mchanganyiko huo umepewa jina lake, mtindo wa Amoy Deco, Amoy likiwa jina la Xiamen katika maandishi ya kale ya Kizungu. UNESCO ilipoingiza kisiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017 ilitaja majengo ya kihistoria 931, na jina ililotumia ni Kulangsu. Ukitafuta nyaraka za zamani kwa tahajia ya leo hutapata kitu, tafuta kwa Kulangsu na Amoy.

Wamisionari nao wana sehemu yao, nzito kuliko idadi yao. David Abeel, Mmarekani, alifika mwaka 1842. Waliomfuata walifungua shule, mojawapo ikiwa kati ya chekechea za kwanza kabisa China, mwaka 1898, na mwaka huohuo daktari John Otte akafungua hospitali iliyoitwa Tumaini. Otte huyuhuyu ndiye aliyechora lile jumba lenye kuba jekundu unaloliona ukiwa kwenye boti. Alikufa mwaka 1910 kwa tauni aliyoambukizwa akiwa kazini. Muziki wa kinanda, ambao leo kisiwa kinajulikana kwao, ulianzia kwenye nyimbo za kanisani na madarasa ya shule hizo, kisha familia za waliorudi zikanunua piano kwa ajili ya binti zao. Mpiga piano Yin Chengzong, aliyezaliwa hapo mwaka 1941, ni tunda la mazingira hayo. Na wewe kama mwanamke msomi ujue jina la Lin Qiaozhi, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1901, akawa daktari bingwa wa uzazi Beijing na kuzalisha maelfu kwa maelfu ya watoto bila yeye mwenyewe kuolewa. Ana bustani ya kumbukumbu hapo. Mama atapenda kusikia habari zake.

Ngao ilivunjika taratibu. Mei 1938 Wajapani waliiteka Xiamen na wakimbizi wakajazana Gulangyu. Mei 1939 wakashusha wanamaji kisiwani, na Uingereza, Marekani na Ufaransa wakashusha wao, kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye vichochoro vilevile. Desemba 1941, vita vya Pasifiki vilipoanza, Japani ikachukua kila kitu. Mwaka 1943 Uingereza na Marekani zikaachia haki zao maalumu nchini China, na mwaka 1945 kisiwa kikarudi kikamilifu mikononi mwa Wachina.

Oktoba 1949 jeshi la Wakomunisti liliikomboa Xiamen, likajaribu kuvuka hadi Kinmen siku chache baadaye na likashindwa. Kinmen iko chini ya serikali ya Taiwan hadi leo, kilomita chache tu kutoka hapo unaposoma; siku ya anga safi unaiona kwa macho. Kuanzia mwaka 1958 mizinga ilirushiana, na hadi Januari 1979 makombora yaliendelea kwa ratiba ya siku moja na kupumzika siku moja. Fikiria maana yake kwa majengo. Mji uliokuwa mstari wa mbele wa vita haukuwekewa viwanda vikubwa wala maghorofa. Wenye nyumba wengi walikuwa Manila, Jakarta au Singapore, na nyumba hazikubomolewa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa wala haki ya kuzibomoa. Xiamen ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980 na ujenzi ukafumuka, Gulangyu ilikuwa imeshahifadhika. Hasara yake unaiona ukipita vichochoro vya ndani: jumba lenye warithi 30 waliotawanyika nchi tano, hakuna wa kutia saini, na mzizi wa mti umeshapasua ukuta.

Huenda pia unajiuliza kama pamekuwa pa watalii tu. Kwa kiasi kikubwa ndiyo, na linanisikitisha. Katika miaka ya 2010 walifika zaidi ya watu milioni 10 kwa mwaka kwenye kisiwa ambacho unakizunguka kwa miguu kwa asubuhi moja. Serikali ya mji iliweka kikomo cha watu 50,000 kwa siku mwaka 2017, na kabla ya hapo ikatenganisha boti za wageni na za wenyeji. Imesaidia, lakini wakazi wa kudumu wamepungua, vijana wamehamia Xiamen penye kazi, na duka la mboga linapogeuka la zawadi mzee wa kisiwani anavuka bahari kununua mchicha. Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu vina ugonjwa huohuo, ingawa Lamu mizigo hubebwa na punda na Gulangyu husukumwa na wanaume kwa mikokoteni, wakipanda miteremko hiyo tangu alfajiri. Ukikutana nao wapishe njia.

Kuhusu mama: mpeleke, ila usimpeleke kama wanafunzi wanavyokwenda. Kisiwa ni vilima na ngazi. Riguangyan ni ngazi mwanzo hadi mwisho na sehemu ya juu ni nyembamba yenye msongamano; mwachie, utapanda siku nyingine. Barabara ya kandokando ya bahari ni tambarare kwa sehemu kubwa, na yapo magari madogo ya umeme ya watalii yanayoizunguka, ndiyo vyombo pekee atakavyoweza kupanda. Shuzhuang inaingilika bila kupanda sana, na ndani yake kuna makumbusho ya piano. Tiketi ya boti hukatwa kwa pasipoti, na siku za sikukuu huisha mapema, basi kata kabla na beba pasipoti zote mbili. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba na mapumziko ya Mei. Julai hadi Septemba ni msimu wa vimbunga. Kile cha Meranti kilichopiga tarehe 15 Septemba 2016 kiling'oa miti mikongwe kisiwani. Mwanzoni mwa mwaka hadi Aprili ukungu unaweza kusimamisha boti kwa saa kadhaa. Novemba na mwanzo wa Desemba ni kuzuri, kaskazi imeanza na joto limepungua. Kama goti la mama huvimba au humkataa akishuka ngazi, amwone daktari nyumbani kabla ya kupanda ndege, asingoje hadi afike. Mkiwa gatini, waulizeni wahudumu ana kwa ana ni gati lipi lina mteremko mdogo kwa wakati huo, kwa sababu maji yakipwa sana daraja la kushukia huinama.

Na kuhusu kazi yako, nakushauri usiandike historia nzima ya kisiwa. Chukua nyumba moja ya familia moja iliyorudi kutoka ng'ambo, uifuate: pesa zilitoka wapi, nani aliijenga, nani alikaa humo mwaka 1938, nani anaidai leo. Niliyokueleza hapa yanatosha kukupa ramani lakini hayatoshi kunukuliwa. Chuo Kikuu cha Xiamen, kilichoasisiwa mwaka 1921 na Tan Kah Kee, mmoja wa watu haohao waliotajirika Singapore, kina wanahistoria wanaoshughulika na Wachina wa ng'ambo na pia maktaba yenye machapisho ya zamani. Nenda kwa mkutubi na mada yako ikiwa imeandikwa kwa Kichina, siyo Kiingereza tu. Hati za nyumba na kesi za urithi zina majina ya watu walio hai, kwa hiyo kabla ya kumhoji mzee yeyote kisiwani zungumza na msimamizi wako kuhusu ruhusa, na tafuta mwenzako anayezungumza Kihokkien, lugha ya hapo. Wazee wengi Kimandarini wanakijua, lakini habari za nyumba yao watazisimulia kwa lugha ya nyumbani.